Mdoli Nilioupima kwa Futi

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, na watoto wa wateja huniletea midoli yao niishonee nguo. Mingi imetoka kwenye marobota ya mtumba, iko uchi au ina kiatu kimoja. Ile myembamba yenye nywele za singa, aina ya Barbie, ina urefu wa sentimita 29, ni mtu mzima aliyepunguzwa mara sita. Mmoja niliupima kwa makini: kiuno sentimita 8. Zidisha mara sita unapata 48, na kipimo hicho nakijua, ni sketi ya mtoto wa chekechea. Urefu unakuja mita 1.74. Mwanamke mrefu kuliko karibu wateja wangu wote, mwenye kiuno cha mtoto mdogo! Hakuna fundi atakayemshonea mtu huyo, maana hayupo.

Lakini binti wa miaka sita hana futi, ana macho tu. Mmoja alisimama mbele yangu nikimpima sare ya shule, akavuta tumbo ndani mpaka mbavu zikajitokeza. "Pumua, mama," nikamwambia. Akajibu, "Anti, nataka inibane hapa, kama ya huyu," akiuinua mdoli. Mtoto ana afya tele, mashavu yamejaa, na tayari ameona kwamba mwili wake una kosa. Iliniuma sana.

Barbie wa kwanza alionyeshwa New York mwaka 1959. Aliyembuni, Ruth Handler, alimwona binti yake akicheza na wanasesere wa karatasi na kuwapa shughuli za watu wazima, akataka wasichana wapate kitu zaidi ya kichanga cha kubembeleza. Hapo namuunga mkono kabisa. Kinachonichoma ni mwili uliochaguliwa kubeba ndoto hizo. Toleo moja la mwaka 1963 lilikuja na kijitabu cha kupunguza uzito chenye ushauri huu: usile. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza walichapisha walichokiona kwa wasichana wa miaka 5 hadi 8: walioonyeshwa picha za Barbie, hasa wale wadogo, waliridhika na miili yao kidogo kuliko wenzao na kutamani kuwa wembamba zaidi. Mwaka 2016 yaliongezwa maumbo mengine, likiwemo la mwenye nyonga. Mtumba unaofika mezani kwangu bado ni wa wale wa zamani.

Utotoni kwangu Rungwe tulicheza na mahindi mabichi. Unachuma hindi changa lenye nywele ndefu, unazisuka, unalibeba mgongoni kwa kipande cha kanga. Likinyauka unachuma jingine, kama bibi hajakuona. Hakuna aliyetamani kufanana na hindi. Mikono ndiyo ilikuwa inajifunza: kusuka, kufunga mbeleko, kukata kitambaa kidogo kikatosha. Naamini ufundi wangu ulianzia pale. Hata hivyo kila hindi lilikuwa mtoto na kila msichana alikuwa mama. Magari ya waya yalikuwa ya kaka zetu, na hakuna aliyetuuliza kama tungependa kukunja waya na sisi. Kwa hiyo sisemi turudi shambani tukaishie hapo.

Siku hizi nashona midoli kwa mabaki ya vitambaa. Nywele ni za nyuzi nyeusi, fupi, zinazoshikika. Tumbo lipo. Mmoja amevaa ovaroli yenye mfuko wa spana, mwingine ana kitenge na begi la shule. Nikipata nafasi nampa mtoto sindano butu amalizie vifungo mwenyewe, na hapo ndipo wanapochangamka kuliko kote. Mama mmoja aliniomba nipunguze kiuno ili "upendeze". Sikupunguza, tukaongea mpaka chai ikapoa, akaondoka bila kununua.

Mwenye mabaki ya kitambaa cha kahawia aniletee, hasa kahawia iliyokolea. Nyeupe na waridi ninayo ya kutosha.