Siku Niliyokunywa Bariamu

Kabla ya eksirei ya meno, binti yangu alifunikwa aproni kifuani. "Baba, hiki kitu kina nini ndani? Kinanilemea." Nikamwambia kina madini ya risasi, yanazuia mionzi. Akaridhika. Mimi mawazo yalikwisharudi kwenye kikombe kile.

Enzi zile tumbo lilikuwa likiniuma bila kukoma. Dawa zilishindwa, daktari akaagiza picha ya bariamu, yaani eksirei unayopigwa huku ukinywa uji wa madini hayo ili njia ya chakula ionekane, nikafika asubuhi sijaonja kitu tangu usiku, nikavalishwa gauni la kufungwa mgongoni. Hayo tuyaache.

Kikombe kilikuwa na kitu cheupe, kizito kuliko jicho lilivyokadiria. Nilipokipokea, mkono ulishuka. Ladha ilikuwa ya chaki iliyotiwa utamu kwa nia mbaya. Mtaalamu, naye ndani ya aproni yake, akaniambia: "Piga funda moja, liweke mdomoni, usimeze mpaka nikwambie." Nikasimama nimebana mashavu, mgongo kwenye ubao wa baridi. "Haya, meza."

Nikatupa jicho kwenye skrini. Kile kilichokuwa cheupe kikombeni, pale kilikuwa cheusi tii. Kiliteremka shingoni, kikapungua upana, kikasita kidogo mlangoni mwa tumbo, kisha kikamwagika na kuchora mikunjo ambayo nimeishi nayo maisha yangu yote bila kuiona. Nilikihisi kikipita, na papo hapo nikakiona kikipita, lakini akili ilikataa katakata kuwa ni kitu kimoja. "Tena," akasema. Nikapiga funda jingine, safari hii kwa udadisi kuliko utiifu.

Nikamuuliza kama bariamu si sumu. Chumvi zake zinazoyeyuka ni sumu kweli, akasema, ila hii ni bariamu salfeti, haiyeyuki. "Itatoka kama ilivyoingia. Kunywa maji mengi."

Baadaye ndipo nilipong'amua kwamba chumba kile kiliendeshwa na wazito watupu, yaani elementi zenye atomi nzito. Ndani ya mashine, elektroni, chembe ndogo za atomi, zinagonga metali ya tungsteni na kuzaa eksirei. Tumboni mwangu bariamu, yenye elektroni 56 katika kila atomi, inazimeza eksirei hizo na kuacha kivuli. Kifuani mwa mtaalamu risasi, yenye 82, inazizuia zisimfikie. Wote watatu wamepita chuma kwa uzito, na chuma ndipo tanuri la nyota kubwa, linalotengeneza elementi kwa kuunganisha viini vya atomi, linapokwamia: kuunganisha viini vizito zaidi ya hapo hakutoi nishati, kunaila.

Bariamu nyingi ilitengenezwa kwa njia nyingine, ndani ya nyota kuukuu zilizovimba, viini vikimeza nyutroni (chembe za kiini zisizo na chaji) mojamoja, polepole mno. Ushahidi wa kwanza wa mapishi hayo ulikuja mwaka 1952, mwanaastronomia Paul Merrill alipotangaza kuwa ameona teknetiamu, elementi nyingine nzito kuliko chuma, katika mwanga wa nyota za aina hiyo. Teknetiamu haidumu, hata ile inayokawia zaidi hupungua kwa nusu kila miaka kama milioni 4, na nyota hizo zina umri mkubwa kuliko huo. Kwa hiyo ilikuwa imepikwa mle mle, tena karibuni.

Majibu yalitoka: hakuna kitu. Tumbo likaendelea kuuma miezi kadhaa, kisha likaacha bila kuaga. Hadi leo sijui lilikuwa na nini.

Wapo wanaosema ukijua kwamba umebeba mabaki ya nyota, unajiona umekuzwa. Labda. Mimi ya kwangu yalitoka kesho yake, meupe pe, mazito, yakagoma kuondoka. Nilivuta maji mara mbili, ya tatu nikasaidia kwa ndoo, na sikumbuki kama nilijiona nimekuzwa.