Jinsi Tulivyokusanya Kumbukumbu za Ngamiani, Tanga

Mkutano wetu wa kwanza ulishindikana. Nilikuwa nimeomba ukumbi, nikapanga viti kwa safu, nikaazima kipaza sauti, kisha nikawaalika wazee wa Ngamiani waje kutueleza habari za mji wetu wa Tanga. Walifika watu wasiopungua thelathini, lakini waliozungumza walikuwa wanne tu, wote wanaume waliozoea majukwaa, na waliyoyasema yangeweza kusemwa kuhusu mji wowote: kwamba zamani kulikuwa na adabu, kwamba mkonge ulikuwa dhahabu, na kwamba vijana wa leo hawajui walikotoka. Wanawake waliokaa nyuma hawakufungua kinywa. Nilirudi nyumbani na kurasa mbili za maandishi ambazo ndani yake hamkuwa na jina la mtu, la nyumba wala la mwaka.

Aliyenitoa gizani ni bibi mmoja jirani yangu, ambaye siku ya pili yake nilipompa shikamoo alinijibu, "Marahaba mwanangu, lakini jana ulitutia aibu. Mambo ya watu hayasemwi kwa kipaza sauti. Njoo barazani kwangu baada ya alasiri, uje na kahawa." Nilikwenda na birika la kahawa na kashata, na tangu siku hiyo hatukurudi ukumbini tena.

Badala ya hotuba, nilikuwa natandika jamvi na kuweka picha za zamani nilizozikuza, baadhi zikiwa za familia yangu mwenyewe na nyingine za majirani. Sikuuliza tena swali la "historia yetu ni ipi", kwa kuwa swali hilo humfanya mtu atafute maneno makubwa. Niliuliza nani huyu, hapa ni barabara ya ngapi, mlango huu ulikuwa wa nyumba ya nani, na mwashi gani aliujenga ukuta ule. Ngamiani ina barabara zilizonyooka zinazotajwa kwa namba, kwa hiyo mabishano yalikuwa makali na yenye manufaa: mmoja akisema picha ni ya barabara ya 8, mwingine anaapa kwamba mwembe ule haujawahi kuwa kwingine ila barabara ya 10, na katika kubishana huko yanatoka majina ya watu sita ambao hakuna aliyekuwa amewauliza. Wanawake ndio waliokuwa na picha nyingi zaidi, hasa za harusi na za taarabu, maana enzi za ushindani wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star hapa Tanga, mtu alijulikana ni wa upande gani, na hata sare aliyovaa ilitosha kumtambulisha.

Tarehe zilinisumbua sana. Ukimuuliza mzee jambo fulani lilitokea mwaka gani, atakutajia mwaka ili asikuvunje moyo, na mara nyingi si wenyewe. Nikaacha kuuliza mwaka. Niliandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari matukio ambayo miaka yake haina shaka, kisha nikawa nauliza kama jambo lilikuwa kabla au baada yake: kabla ya Uhuru wa 1961 au baada, wakati wa fedha za Afrika Mashariki au baada ya shilingi ya Tanzania kuanza mwaka 1966, kabla ya Azimio la Arusha la 1967, kabla ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, au katika miaka ya foleni za sukari na sabuni iliyofuata. Kwa njia hiyo, kisima ambacho wazee watatu walikuwa wamekipa miaka mitatu tofauti kilipatikana kuwa kilichimbwa baada ya Azimio na kabla ya vita, nami nikaridhika na hilo. Hata khanga zilitusaidia. Bibi mmoja alifungua sanduku na kutoa khanga ya kuzaliwa kwa CCM, chama kilichoanzishwa Februari 1977, akasema aliipokea akiwa na mimba ya mwanawe wa pili, na kwa khanga hiyo moja tukapata umri wa nyumba mbili na kuhama kwa familia moja.

Jambo la pili nililojifunza ni kutenganisha vyanzo. Kila habari niliitia moja ya alama tatu: "niliona", "nilisimuliwa" na "watu husema". Haja ya alama hizo niliitambua tulipofika kwenye habari za nyuki. Hakuna mtoto wa Tanga asiyejua kwamba Novemba 1914 Waingereza waliteremsha upande wa Ras Kasone jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakashindwa na kikosi cha Kijerumani cha watu kama 1,000 kilichoongozwa na Lettow-Vorbeck, na kwamba nyuki walikuwemo vitani. Barazani kwetu mzee mmoja alishikilia kwamba Wajerumani waliifunga mizinga kwa nyuzi ili adui akipita aikurupushe. Mwingine akasema nyuki walichokozwa na risasi, wakauma pande zote mbili, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa na wengi waliochunguza vita hivyo. Sikumfuta yule wa kwanza. Niliandika maneno yake chini ya "watu husema", kwa sababu namna mji unavyoisimulia vita ni sehemu ya habari za mji huo, ingawa si habari za vita vyenyewe.

Kulikotuchukua muda mrefu kuliko kote ni mkonge. Kijana mmoja aliuliza kama mmea huu ni wa kwetu, na swali hilo likafungua mengi. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miaka sabini na moja baadaye, mwaka 1964, Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000. Hayo yanasomeka. Yasiyosomeka kwa urahisi ni ya watu walioukata, na hao tulikuwa nao barazani, wao au watoto wao. Mzee mmoja ambaye baba yake aliletwa kutoka Kigoma na SILABU, chombo kilichoanzishwa mwaka 1944 kuandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge, alituonyesha kipande cha baba yake. Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30, na ujira ulilipwa kadi ilipojaa. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba, na nilipokuwa mdogo neno hilo lilikuwa tusi. Tanga husifiwa kwa msemo wa "waja leo waondoka leo", lakini manamba wengi walikuja kwa mkataba na hawakuondoka, na ukihesabu nyumba za mtaa wetu utakuta wajukuu wao karibu kila uga. Mzee yule alipomaliza kusoma namba ya baba yake, mwanamke aliyekuwa kimya kwa wiki tatu alisema kwamba na wao nyumbani wanacho kama hicho, ila mama yake alikificha.

Lipo swali ambalo sikuliandika kama lilivyoulizwa. Mtu mmoja alitaka tutaje ni ukoo gani wa mtaa huu ulitokana na watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, muda ambao si mrefu kwa mwenye bibi aliyemlea, na katika miji ya pwani yetu jambo hilo bado linaweza kuvunja ndoa. Nilifunga daftari, nikazima simu iliyokuwa ikirekodi, nikasema kwamba anayetaka kueleza habari za ukoo wake mwenyewe anaweza kuja peke yake, na hakuna atakayeeleza za mwenzake. Wawili walikuja. Maneno yao nimeyatunza bila majina, na hawajaniruhusu kuyaonyesha, kwa hiyo siyaonyeshi.

Kosa kubwa lililotokea lilikuwa langu. Niliazima picha ya harusi ya bibi wa barabara ya 12 ili nikaitengenezee nakala, nikaiacha juu ya kabati, na mvua ya masika ikapenya kwenye bati usiku huo. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Tangu hapo picha haitoki nyumbani kwa mwenyewe: naipiga kwa simu pale pale, mchana, kando ya dirisha na bila mwako, kisha naandika jina la mwenye picha na maelezo yake kabla sijanyanyuka. Kila mwezi nakala huwekwa mahali patatu: kwangu, kwa mpwa wangu aliye Dar es Salaam, na katika kabati la vitabu la shule ya mtaani.

Asili ya jina la Ngamiani bado inabishaniwa. Wengi husema ni ngamia waliokuwa wakifungwa hapa, na wapo wanaocheka wakisikia hivyo. Nimelitia chini ya "watu husema", na mpwa wangu ameahidi kuuliza katika Nyaraka za Taifa, ambako mafaili ya enzi ya Wajerumani yamehifadhiwa. Kwa sasa tunazo picha 11 zisizo na jina hata moja. Zipo barazani kila Jumamosi baada ya alasiri, na wiki iliyopita bibi wa barabara ya 12 alimtambua mwanamume wa kushoto katika mojawapo: ni shahidi wa harusi yake, akiwa na suti ile ile aliyoivaa katika picha niliyoiharibu.