Siku moja ya mtaalamu wa mifugo Tabora, na hela inakopitia

Saa 11 alfajiri. Kuku hukamatwa kabla hawajatoka bandani, kwa hiyo kazi ya kuchanja kideri, ugonjwa unaoua kuku, haijui usingizi. Niko Isevya, mama mwenye kuku ananimulikia tochi, nami nadondosha chanjo jichoni, tone moja kila kuku. Natoza shilingi 100 kwa kuku. Serikali ilipoleta chanjo ya ruzuku mwaka 2025, kuku walichanjwa bure, na wapo wanaoniambia mpaka leo, "Dokta, tunasubiri ile ya bure." Siwalaumu.

Udokta wenyewe ni wa heshima tu. Nina diploma. Kwa Sheria ya Veterinari ya 2003, sisi tunaandikishwa na Baraza la Veterinari na kufanya kazi chini ya daktari aliyesajiliwa.

Saa 2 asubuhi. Nafungua duka la dawa za mifugo. Mshahara ni 350,000. NSSF inachukua 35,000, PAYE 3,600, mkononi inafika 311,400. Niliyesoma naye yuko halmashauri. Kima cha chini cha serikali kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, naye yuko juu ya hapo. Ndiyo maana ajira za serikali zikitangazwa, sisi wauzaji wa maduka ya dawa wote tunakuwa na simu mkononi.

Saa 5. Naitwa Uyui. Ng'ombe hataki kula, tezi za chini ya sikio zimevimba, kipimajoto kinasoma 41. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, dokta. Elfu sitini? Sindano moja?"

Hapa ndipo kazi ilipo. Dawa yake, buparvakwoni, ni mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito. Ng'ombe huyu wa kilo kama 240 anataka mililita 12. Hiyo tayari ni 40,000. Petroli ya pikipiki 8,000. Changu ni 12,000, na mzee anataka hela yote isubiri mnada. Nikikubali kukopesha yote, nimekopesha dawa ya tajiri wangu mwenye duka, na mwisho wa mwezi inakatwa kwenye mshahara wangu. Kwa hiyo nasimamia neno moja: dawa na mafuta taslimu, ufundi unaweza kungoja. Anaguna, anamtuma kijana ndani, hela inakuja.

Saa 9 alasiri. Mwanafunzi wa fildi ananionyesha simu: Marekani, wenzetu wa kada hii mwaka 2023 walikuwa na mshahara wa kati wa dola 43,740 kwa mwaka. Ameshazidisha kwa shilingi, macho yanamng'aa. Namuuliza kama amezidisha na kodi ya nyumba ya huko.

Saa 12 jioni. Daftari la madeni. Mmoja kalipa kwa jogoo, namwandika amemaliza.

Saa 3 usiku jirani anabisha hodi, mbwa wake anatapika. Jirani halipi. Navaa viatu.