Bibi wa noti ya dola 20

Mshahara wangu wa kwanza hapa Sydney niliutoa wote kwenye mashine, noti nyekundu za dola 20 tupu, nikazitandaza kitandani nimpigie dada picha. Ndipo nikamwona yule bibi: kofia ya lesi, miwani, uso wa mama mchungaji. Nikadhani ni malkia fulani wa zamani. Mwenzangu wa zamu, kule tunakoogesha wazee, alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo? Mwizi wa farasi!"

Anaitwa Mary Reibey. Alizaliwa Bury, Uingereza, mwaka 1777, akafiwa na wazazi, akalelewa na bibi yake. Bado binti mdogo akatoroka, akavaa kiume, akajiita James Burrow, akanaswa na farasi wa watu. Akahukumiwa miaka saba ng'ambo, yaani kupelekwa mfungwa kwenye koloni hili la Waingereza. Meli ya Royal Admiral ikamshusha hapa Oktoba 1792, ana miaka 15, na kazi ya kwanza aliyopewa ni uyaya. Hapo nikaacha kusoma kidogo. Mimi nami nilianzia uyaya, Blacktown, watoto watatu na mbwa.

Baadaye akaolewa na Thomas Reibey, ofisa mdogo wa meli aliyegeukia biashara: nafaka za mto Hawkesbury, vyombo vya baharini, maghala. (Ardhi ile ilikuwa na wenyewe, Wadarug. Hao kwenye noti hawamo.) Thomas akafariki 1811, akamwachia watoto saba na biashara yote, naye akaikuza. Benki ya kwanza ya koloni ilipofunguliwa mwaka 1817, ilipanga kwenye nyumba yake.

Ila mimi mali yake hainipi raha kama kisa cha sensa. Mwaka 1820 alikwenda kutembea Uingereza na mabinti zake wawili, kisha akarejea. Ilipofika sensa ya 1828, penye swali la alivyoingia koloni, akaandikisha: nilikuja huru, 1821. Utamshtaki kwa lipi? Nauli ya safari ile alilipa mwenyewe. Ya kwanza ndiyo aliyolipiwa na serikali.

Kwetu Tanga wanajua nilikuja kuchukua shahada ya pili. Viza ilisema mwanafunzi, kweli, ila chuo chenyewe kilikuwa cha upishi. Nilipokwenda likizo, shangazi akanitambulisha kwa wageni: "Huyu mwanangu alikwenda ng'ambo kwa masomo."

Nikaitikia shikamoo za watoto, nikaomba niongezewe chai.