Kanisa la Disemba

Jumamosi usiku. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya nyuma ya jiko, mama amelala, na kaunta buku la kamati liko mbele yangu linanidai muhtasari. Nimeandika tarehe, waliohudhuria, waliotoa udhuru, kikao kufunguliwa kwa sala. Hapo kalamu imegoma. Yaliyosemwa leo nikiyatia kwenye lugha ya muhtasari yatakauka, kwa hiyo nayaandika huku kwanza.

Kwa wasionijua: nilirudi nyumbani, huku Uchaggani juu, mwaka juzi kumuuguza mama. Nafundisha sekondari ya hapa jirani, na kwa kuwa mwalimu popote aendapo hukabidhiwa kalamu, nikafanywa katibu wa kamati ya mpango mkakati wa usharika. Ni mpango wa miaka 5. Jina tuliliazima maofisini, na wiki za mwanzo tuliongea kimaofisi kweli: dira, dhamira, malengo, viashiria. Mzee mmoja alikuwa anasinzia kila tukifika kwenye viashiria, na sikumlaumu.

Hoja iliyotuleta pamoja ilikuwa kupanua kanisa. Anayefahamu huku anajua Disemba inavyokuwa. Kuanzia tarehe 20 magari ya Dar na Arusha yanapanda mlima, yanapangana kutoka getini hadi njia panda. Ibada ya Krismasi watu wanasimama nje, akina mama na vitenge vipya wamejibanza chini ya miavuli, watoto wanachungulia madirishani. Ndoa tatu kwa siku moja, ubatizo wa foleni, kipaza sauti kinakoroma. Ndipo likaja wazo la kuongeza ghorofa ya ndani, kubomoa ukuta wa nyuma, kuweka vigae. Ramani imeshachorwa. Wenzetu waishio mijini wana kundi lao la WhatsApp na ahadi walishaanza kuziandika, majina na tarakimu, kila mmoja na alama ya mikono iliyofumbatana.

Siwezi kuwacheka. Nilikuwa mtu wa Disemba kwa miaka 19. Nilikuja na suti ya mama na kilo tano za mchele, nikalalamika kuwa hakuna pa kuegesha gari, nikatoa mchango mbele za watu, tarehe 2 Januari nikashuka zangu. Niliamini kabisa kwamba kanisa langu limejaa. Kila nilipoliona, lilikuwa limejaa.

Jumapili moja ya Juni mwaka huu nilihesabu vichwa. Nilikuwa nimekaa upande wa kwaya, mahubiri yamerefuka, nikaanza tu. Watu 84 pamoja na watoto wa shule ya Jumapili. Baridi ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni. Bendi ya matarumbeta ilikuwa na wapigaji wanne, na lile tarumbeta kubwa la besi limelazwa kwenye benchi kama mgonjwa, kwa sababu kijana aliyekuwa akilipuliza yuko Moshi mjini anauza simu. Wimbo uliimbwa bila besi. Nikatazama ule ukuta wa nyuma tunaotaka kuubomoa, na mabenchi matano yaliyo mbele yake hayana mtu.

Sikusema kitu kikao kilichofuata. Ukweli ni kwamba niliogopa. Ukishakuwa katibu unajua nani ameahidi kiasi gani.

Aliyegeuza mambo ni mchungaji wetu, na aligeuza taratibu mno, kiasi kwamba baadhi yetu tulidhani anakwepa. Alisema hakuna kupiga kura kwa wiki tatu. Tusome kwanza Matendo ya Mitume sura ya 15, ule mkutano wa Yerusalemu, kwenye kila jumuiya, halafu turudi. Tukasoma. Mstari wa 28 ndio ulioleta kazi, pale mitume wanapoandika kwamba ilimpendeza Roho Mtakatifu na wao. Mtunza hazina wetu, mama wa mahesabu asiyependa maneno ya kuelea, akauliza: "Sasa Mchungaji, tutajuaje lililompendeza Roho na lililotupendeza sisi wenyewe tu?" Mchungaji akacheka, akanigeukia: "Mwalimu, andika hilo swali." Nimeliandika. Liko ukurasa wa 12, halina jibu mpaka leo.

Kisha akatoa maswali mawili yaende kwenye jumuiya zote. Nani alikuwa anakuja na haji tena? Na nani kati yetu amewahi kwenda kwake kumuuliza?

Majibu yalirudi kwenye karatasi za daftari zilizochanwa, mengine yameandikwa na watoto kwa niaba ya bibi zao. Nilikaa nayo usiku mzima nikiyapanga. Nilitegemea kukuta walokole wa kwenye mahema, kwamba watu wamehamia huko. Wapo, si wengi. Nilichokutana nacho ni neno "magoti". Magoti yanauma. Magoti na mteremko. Hawezi kupanda, magoti. Nikalihesabu: mara 11. Kanisa letu la mawe liko juu ya kilima, kama walivyopenda kujenga wale wa zamani, ili kengele isikike vihamba vyote, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu. Kengele inasikika. Wanaisikia kila Jumapili wakiwa vitandani, wakijua saa ngapi tumeanza na saa ngapi tumetoka.

Watoto wa wazee hao ndio walioahidi vigae. Nasema hivi bila ubaya. Na mimi nilinunua feni ya kanisa wakati mama hana mtu wa kumshika mkono kwenye utelezi.

Jibu jingine lilihusu vijana wa kijiweni, wale wa bodaboda hapo njia panda. Jumatano nilikwenda na mwinjilisti. Walitupokea vizuri, wakatupisha kwenye benchi, ila mmoja akasema kwa utani usio utani: "Leo ni mchango wa nini, Mwalimu?" Nikamwambia hakuna mchango, tumekuja kuuliza. Wakatazamana. Ikachukua muda. Mwishowe aliyekuwa kimya muda wote, anafuta tangi la pikipiki na kitambaa, akasema bila kuinua macho kwamba alipata kipaimara kwetu, na kwamba baba yake alipofariki waliambiwa bahasha zake za ahadi zina deni. Mazishi yalifanyika, sala ikasomwa na jirani, kengele haikugongwa. "Sina neno na Mungu," akasema, "ila ile kengele..." Akaendelea kufuta tangi lililokwisha kung'aa.

Mwinjilisti alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

Nimejiuliza tangu siku hiyo nani aliamua. Nimepekua madaftari ya zamani ya ofisi, hakuna uamuzi ulioandikwa. Hakuna aliyekaa kikao akasema huyu asigongewe. Yawezekana ilikuwa mazoea tu, mtu kalitazama daftari la ahadi, akatikisa kichwa, basi.

Leo ndiyo tulikutana, kamati na baraza la wazee na wawakilishi wa jumuiya, ukumbini pale penye bati linalovuja. Utaratibu: kila mtu aseme mara moja kabla ya yeyote kusema mara ya pili. Halafu kimya cha dakika tano. Sisi Walutheri wa huku kimya hatukizoei. Tukinyamaza tunadhani mitambo imekatika. Tulisikia matone kwenye ndoo, na simu ya mzee mmoja ikaita kwa wimbo wa kwaya, akaitafuta mifuko minne.

Wanaotaka kupanua walisema vizuri, na lazima niwatendee haki. Mama mmoja alisema Disemba ndiyo saa pekee wajukuu zake wanaona kanisa, na wakisimama mvuani watakumbuka mvua. Hilo lilinigusa. Mwingine akasema fedha iliyoahidiwa kwa ujenzi ukiigeuza shughuli nyingine inayeyuka. Mtu wa mjini anataka kuona tofali lake. Ni kweli tupu. Nilikuwa huko, nataka kuona tofali langu.

Ndipo akasimama meku mmoja, mzee kuliko wote ukumbini, aliyeletwa na mjukuu kwa pikipiki. Hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Alianzia mbali, kama wazee wafanyavyo: wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig kufika Machame mwaka 1893, shule, zahanati, kahawa. Nilianza kuchorachora pembeni ya ukurasa. Halafu akafika mwaka 1920, Wajerumani walipofukuzwa baada ya vita, na makanisa ya mlimani yakabaki mikononi mwa walimu na wazee wa hapa hapa. "Hawakuwa na mchungaji wa kutosha, hawakuwa na fedha," akasema. "Baba yangu alikuwa anatembea nyumba kwa nyumba na kitabu cha nyimbo kwapani. Yule mmisionari mzungu wa Old Moshi, Gutmann, alikuwa akisema kanisa la Mchagga lisimame juu ya ukoo na ujirani. Sisi wala hatukuhitaji kuambiwa. Jirani akikosekana unakwenda kuona kama ameamka." Akapumzika, mjukuu akadhani amemaliza, akamshika mkono. Akautoa. "Mimi nina miezi minane sijala Meza ya Bwana. Ninyi mnazungumza vigae."

Hapo ndipo kalamu iligoma. Mchungaji aliinama. Hakuna aliyesema "tumwombee mzee", na nashukuru.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo, msidhani. Tulibishana saa mbili nyingine. Gutmann mwenyewe alizua mjadala wake, maana kijana mmoja wa idara ya umisioni aliuliza kama kanisa la ukoo halimwachi nje yule asiye na ukoo hapa: mpangaji, mfanyakazi wa ndani kutoka Singida, muuza nyanya. Swali zuri, na nikasikitika kuwa lilikuja watu wakiwa na njaa. Limeandikwa, ukurasa wa 31.

Tulichokubaliana, na hiki ndicho kitaingia kwenye muhtasari: upanuzi usubiri. Disemba tukodi mahema na viti. Bati la ukumbi lizibwe, kwa sababu hata Roho Mtakatifu ana mipaka ya uvumilivu. Kila Alhamisi wazee wawili na mwinjilisti wapite nyumba zenye majina kwenye zile karatasi, na mara moja kwa mwezi mchungaji apeleke Meza ya Bwana nyumbani. Vijana wa bodaboda wawalete wazee wanaoweza kukaa kwenye pikipiki, na walipwe nauli kamili kutoka mfuko wa udiakonia, ule wa kuhudumia wahitaji. Mtu alisema wajitolee. Mtunza hazina akamwangalia mpaka akakaa. Na kengele igongwe kwa kila mfu wa usharika huu, daftari liseme lisemavyo. Hilo la mwisho lilipita bila neno hata moja. Wote tuliangalia chini.

Nani atamwambia yule kijana, hatukupanga. Sijui kama ni la kupangwa.

Kundi la mjini limeshapata habari. Simu yangu inawaka tangu saa kumi na mbili. Mmoja, rafiki yangu wa kipaimara, ameandika: "Dada, mmetuangusha." Nimeanza kumjibu mara tatu nikafuta. Nitampigia kesho. Nitamuuliza mara ya mwisho alimpeleka mama yake kanisani lini, halafu nitajuta kuuliza.

Nyongeza, Jumapili, wiki mbili baadaye.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu. Tulikwenda kwa bibi mmoja chini kabisa, karibu na mfereji, nyumba ambayo nimepita juu yake maisha yangu yote bila kushuka. Mwinjilisti alisoma, tukaimba beti mbili, bibi akaimba nne kwa sababu hakujali kwamba sisi tumemaliza. Tulipoaga akatuzuia, akaingia ndani, akarudi na yai moja amelifunga kwenye jani la mgomba. "Mwanangu, peleka mnadani. Sijatoa sadaka muda mrefu."

Nililitia mkobani. Kwenye ule mteremko, palepale magoti ya watu yanapofia, niliteleza, nikakalia mkoba.

Sikumwambia mwinjilisti. Jioni nilinunua yai dukani, nikalifunga kwenye jani la mgomba wetu, na leo baada ya ibada nikalikabidhi kwa mzee wa mnada. Akalinyanyua, akataja jina la bibi kwa sauti. Watu wakageuka. Nyuma yangu mtu akasema, "Kumbe yupo?" Elfu moja hapa, elfu mbili kule, mtu akalinunua na kulirudisha mnadani, likanunuliwa tena, likafika elfu kumi na nne. Mchungaji akasema apelekewe salamu kwamba yai lake limefanya kazi.

Alhamisi ijayo ni zamu yangu tena. Atauliza.