Ekzosi ya DT ya baba mdogo

Mwaka 2010 mji wa Moshi ulikuwa umejaa pikipiki za Kichina, na vipuri vyake uliviokota hata kwenye vibanda vya vocha. Cha DT 175 ya baba mdogo hukukipata popote. Ile Yamaha ilikuwa imekula chumvi. Aliinunua kwenye mnada wa mradi wa kilimo, enzi ambazo mabwana shamba wa mlimani walipanda hizohizo, na injini yake ilikuwa ya mipigo miwili, ile inayounguza oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa buluu nyuma.

Kilichokufa ni ekzosi. Kutu iliitoboa tumboni, ikapigwa kiraka, kiraka nacho kikatoboka, mpaka pakakosekana chuma kizima cha kushikia kiraka kingine. Vijana wa gereji wakaona jambo dogo: wakakata bomba la maji, wakalikunja, wakalichomelea silensa ya pikipiki ya Kichina mwishoni. Kelele zake zilimtangulia baba mdogo kufika nyumbani. Lakini kwenye mlima wa Kibosho gia ya tatu ilikataa kabisa, na ya pili ikawa ya kuombea dua. Pikipiki iliyokuwa ikipandisha gunia la mbolea sasa ilishindwa kumpandisha mwenyewe, na petroli inakunywa. Vijana wakasema ni kabureta. Wakabadili jeti, wakabadili plagi, kisha wakatoa hukumu: injini imechoka, mzee, iuze chuma chakavu.

Mimi nilikuwa likizo ya chuo na kichwani nimejaza injini tu. Kwa pikipiki za mipigo minne ushauri wa vijana haukuwa wa kijinga sana. Unaweza kubadili bomba na safari ikaendelea. Mipigo miwili ni habari nyingine. Hakuna valvu ya kufunga njia ya moshi. Pistoni ikishuka, kwa muda mfupi tundu la moshi na tundu la kuingizia petroli yote yako wazi, na petroli mbichi nyingine inapitiliza hadi nje. Hapo ndipo lile tumbo la ekzosi linapofanya kazi. Mshindo wa moshi ukifika bomba linapotanuka, unarudisha mvuto unaofyonza silinda. Ukifika linaposinyaa, unarudi kwa kusukuma, na kuirudisha ndani petroli iliyotoroka kabla pistoni haijafunga mlango. Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, alilihangaikia jambo hilo miaka ya 1950 mpaka pikipiki yao ya mashindano ya cc 125 ikatoa nguvu farasi kama 25. Mwaka 1961 dereva wao Ernst Degner akatorokea Magharibi akiwa kwenye mashindano Sweden, akaenda Suzuki na ujuzi huo, na mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50. Watu wamevuka mipaka kwa ajili ya umbo la bomba, sisi tumelitupa jalalani tukaweka la maji.

Nikaiokota ekzosi ya zamani nyuma ya gereji, nikaipeleka Pasua kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza koroboi, majiko na faneli. Hakuwahi kugusa pikipiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo maiti umeifukua wapi?"

Aliigeuzageuza, akaipitisha kiganja tumboni. "Hizi ni faneli mbili zimebusiana midomo," akasema. Basi, tukaelewana.

Nilikuwa nimebeba bati jipya la kuezekea. Alilisukuma pembeni kwa mguu: zinki iliyopakwa juu yake ikipigwa moto inatoa moshi ambao ukiuvuta mchana, usiku unatetemeka homa. Akachukua pipa lililokuwa la oili, akalipasua kwa tindo na nyundo tu. Moto hakuukaribia kabisa mpaka bati limesuguliwa kwa sabuni na majivu, maana pipa huwezi kujua lilibeba nini kabla ya oili.

Vipimo ndivyo vilivyonishangaza. Sikumwona na kikokotoo. Alichora koni kwa ubavu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akazirefusha pande zake mpaka zikakutana, akapigilia msumari pale zilipokutana na kuzungusha uzi wenye chaki, mara ya mdomo mpana na mara ya mdomo mwembamba. Kisha akapima ukingo: mara tatu ya upana wa mdomo "na kitu juu". Mdomo wa sentimita 9 unataka ukingo wa sentimita 28 na ushee, na yake ilitoka hivyo. Bati alilikunja juu ya kipande cha reli, kwa nyundo ya mbao, polepole, akilizungusha.

Shida ilikuwa kona, kwa sababu ekzosi ya DT inapanda juu kukwepa mawe. Koni iliyonyooka haikunjiki. Aliikata vipande kwa mshazari, akavizungusha kimoja juu ya kingine mpaka koni ikapinda yenyewe, akavishika kwa nukta za moto kabla ya kuchomelea mzunguko mzima. Alitumia gesi na mdomo mdogo, na waya wa kufungia nondo ndio ukawa wa kujazia. Umeme ungelitoboa bati lile. Mkia, kile kibomba chembamba cha mwisho cha kutolea moshi, alitaka kuuongezea upana "ipumue". Nikamsihi tuubakize uleule wa zamani, kwani ukiwa mpana msukumo unapotea, na ukiwa mwembamba pistoni inaungua. Akakubali kwa kuguna.

Tuliziba mkia kwa kipande cha tyubu, akapuliza shingoni huku nimelizamisha bomba kwenye maji. Mapovu yakatoka kwenye kiungo kimoja, akarudi kwenye moto.

Kibosho baba mdogo alipanda na gia ya tatu, nami nimekaa nyuma. Juu kule alizima, akashuka, akagusa tumbo la ekzosi na kulaani kwa Kichagga kwa sababu lilikuwa la moto.

Habari zilisambaa kwa wenye DT. Niliporudi kumwomba mzee zile karatasi za saruji alikuwa na kazi mbili mezani, za watu wa Machame. "Karatasi ni za ofisi," akaniambia. "Wewe leta wateja."