Kuwasha taa za Hanuka hadharani: upepo kwanza

Talmudi, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, inataka taa ya Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya siku nane, iwekwe mlangoni, upande wa nje, ili mpita njia aione. Anayekaa ghorofani aiweke dirishani. Zama za hatari, mezani kwake panatosha. Kutangaza muujiza wa mafuta ya Hekaluni, ya siku moja yaliyowaka siku nane, ndiyo shabaha ya amri hii, kwa hiyo kinara cha uwanjani si pambo tu, ingawa Chabad, vuguvugu la Kiyahudi, walianza kukiwasha karibu na Kengele ya Uhuru, Philadelphia, mwaka 1974 tu.

Adui mkubwa ni upepo. Kisheria, kitendo cha kuwasha ndicho kinachotimiza amri: taa iliyowashwa vizuri ikizimika kwa bahati mbaya, haidai kuwashwa tena. Lakini ukiiwasha mahali ambapo upepo ungeizima, hujatimiza kitu, hata mtu akija kuikinga baadaye. Chemni ziwe tayari kabla ya baraka, zenye matundu chini na uwazi juu. Moto uliofungiwa kabisa hujifia wenyewe. Balbu za umeme marabi wengi hawazikubali kwa amri hii, basi wekeni mafuta na tambi halisi. Mafuta ya zeituni ndiyo bora.

Taa nane zikae mstari mmoja, kimo kimoja, zikiachana kiasi cha ndimi za moto kutogusana, la sivyo zinahesabika kama moto mmoja mkubwa. Shamashi, taa ya kuwashia, ijitenge. Zikiwa juu ya dhiraa 20, kama mita 9 na nusu, hazifai: jicho la mpita njia haliinuki hadi huko.

Mafuta yatoshe nusu saa baada ya giza kuingia. Makosa mengi hutokea Ijumaa, maana siku hiyo Hanuka huwashwa kabla ya mishumaa ya Sabato, jua likiwapo bado. Wekeni mafuta ya zaidi ya saa moja na nusu. Jumamosi subirini Sabato itoke, hata umati ukiwa umeshafika.

Taa hupangwa kuanzia kulia, lakini huwashwa kuanzia ile mpya, kushoto. Usiku wa kwanza baraka ni tatu, siku nyingine mbili. Kama zisomwe nje ya sinagogi, marabi wanatofautiana. Baadhi ya jumuiya husali sala ya jioni papo hapo uwanjani, ili pawe kama sinagogi. Muulizeni rabi wenu mapema. Na aliyewasha uwanjani bado anadaiwa kuwasha nyumbani kwake.

Shule ya Hillel, marabi wa kale, ilifundisha kuongeza taa moja kila usiku, kwa kuwa katika utakatifu hupanda mtu, hashuki. Na mwanga huu haumfanyii mtu kazi yoyote. Hausomewi, hauhesabiwi fedha. Haneirot Halalu, wimbo unaofuata baraka, unasema wazi: ni wa kutazamwa tu. Basi hotuba ziwe fupi na muziki ungoje kidogo, watu wapate kusimama pamoja gizani wakiutazama.